Nani aliwahesabu watazamaji wa Kigoma?

"Shikamoo mzee. Nina saluni Mwanga, Kigoma mjini. Mwaka mzima, ikifika saa moja na nusu jioni, wateja na majirani walikuwa wanajaa kwangu kuangalia tamthilia moja ya Kiswahili, ya hapa hapa nyumbani. Wengine walikuja na viti vyao. Mwezi uliopita ikakatika bila tangazo lolote. Yule dada amesimama mlangoni mwa wodi, hatujui mama yake kapona au la. Jumatatu tunawasha TV, tunakuta tamthilia ya nje iliyowekewa sauti za Kiswahili. Tumepiga simu kituoni, tumeandika kwenye kurasa zao, tumekusanya majina 214. Tumejibiwa mara moja tu: 'kipindi kilikosa watazamaji'. Mzee, Mwanga nzima ilikuwa inaangalia! Nani alituhesabu? King'amuzi changu hakioni? Na sasa kuna kijana yuko Dar kaingia kwenye grupu letu la WhatsApp, anasema anafahamiana na mkubwa wa vipindi, tuchange shilingi 350,000 airudishe. Tumeshafikisha 180,000. Tufanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hizo 180,000, maana mengine yanaweza kusubiri: zisitoke. Mrudishie kila mtu chake leo leo, na muandike kwenye grupu nani kapokea kiasi gani. Nimefanya kazi miaka 19 kwenye vyumba vya kupangia ratiba, katika vituo viwili vya Dar es Salaam, kabla sijarudi nyumbani hapa Tabora, na sijawahi kuona kipindi kikirudi hewani kwa fedha iliyopita mfukoni mwa mtu. Mkubwa wa vipindi, hata awe mla rushwa wa kutupwa, hana uwezo huo peke yake. Tamthilia ikirudi inahitaji sehemu mpya, na sehemu mpya zinahitaji kamera, waigizaji, mafuta ya gari na chakula cha lokesheni kwa wiki nyingi. Shilingi 350,000 haitoshi hata kwa siku mbili. Kama kijana huyo ameshapokea chochote, chukueni picha za meseji zake na namba iliyotumiwa fedha, mpigieni mtoa huduma wa mtandao wenu wa simu siku hiyo hiyo, kisha mwende kituo cha polisi. Msiishie kulalamika kwenye grupu. Hilo ni jambo la kwenda kwa miguu.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Nimesoma swali lako mara tatu na naona limebeba mawili. Moja ni hadithi kukatwa katikati. Jingine ni kuambiwa hakukuwa na watazamaji, wakati wewe umewaona kwa macho yako na umewapangia viti. Hilo la pili linauma zaidi, kwa sababu ni kama kuambiwa kwamba hamkuwepo. Una haki ya kukasirika, na sitajaribu kuipoza hasira yako. Ninachotaka ni ifike mahali panapostahili, kwa sababu kilio cha watazamaji wengi huishia kwa mtu wa mapokezi asiye na jibu.

King'amuzi chako hakioni. Hapa wengi wanakosea, hata watu waliosoma. King'amuzi cha dishi kinapokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti, basi. Hakina njia ya kurudisha habari kule juu. Cha antena ni vivyo hivyo. Ni sikio lisilo na mdomo, kama redio ya baba yako. Kampuni unayoilipa inajua umenunua kifurushi gani na siku gani kimeisha. Haijui kama jana saa moja na nusu ulikuwa kwenye tamthilia, kwenye mpira, au uliiacha TV inaongea peke yake ukaenda kuanua nguo. Mambo yanabadilika pale tu unapoangalia kwa intaneti, kupitia programu ya kampuni kwenye simu au kupitia YouTube. Huko kila dakika uliyoangalia inaandikwa.

Waliowahesabu, au walioshindwa kuwahesabu, ni watafiti. Ipsos, ambayo wazee wa kazi hii tunaikumbuka kwa majina yake ya zamani ya Steadman na baadaye Synovate, hutuma watu majumbani kuuliza: jana uliangalia nini, kituo gani, saa ngapi. GeoPoll huuliza kwa meseji za simu, na anayejibu hupewa salio kidogo. Marekani kazi hiyo inafanywa na Nielsen, ambao huweka vifaa kwenye TV za nyumba walizozichagua. Njia ni tofauti lakini kanuni ni moja, na mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa kwa hesabu ngumu, kwa sababu analijua bambo, kile chuma cha kuchomea gunia.

Mnunuzi wa maharage akifika sokoni hamwagi gunia zima chini. Anachoma bambo ubavuni, punje chache zinateremka kwenye kiganja, anazitazama: zimebunguliwa, hazikubunguliwa, zimechanganywa na za mwaka jana. Kwa punje hizo analipa bei ya gunia lote. Hakuna anayemlaumu kwa kutotazama kila punje. Kwa hiyo kwamba wewe binafsi hukuulizwa, hiyo si dhuluma. Hata Mmarekani wa kawaida anaishi hadi anazeeka bila kuulizwa na Nielsen. Dhuluma inaanza mnunuzi anapochoma bambo juu tu, upande ule ule, gunia baada ya gunia, halafu akatangaza habari za shehena nzima.

Na bambo la watafiti wa TV, kwa miaka mingi, limechomwa palipo karibu. Kumpeleka mdodosaji Kasulu, Kakonko au Uvinza ni nauli, ni posho ya kulala, ni barabara. Kisha anayepanga utafiti wa TV huanza na sehemu zenye TV nyingi, na TV zinafuata umeme. Mkoa wako uliishi kwa majenereta ya dizeli hadi umeme wa gridi ulipoanza kufika mwaka 2022. Hapo nyuma, mtu wa Dar aliyefungua jedwali lake na kuona Kigoma, aliona mahali ambapo umeme ukikatika saa moja, kipindi cha saa moja na nusu hakina mtazamaji. Picha ile bado imekaa kwenye vichwa vya wengi ingawa nguzo zimeshafika.

Upande wa meseji kuna tabu nyingine, na hii tunaichangia sisi wenyewe. Kwa jinsi tulivyochoshwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ujumbe wa utafiti ukiingia tunaufuta kabla ya kuusoma. Naelewa kabisa. Lakini utafiti wa kweli hauombi hela wala namba ya siri. Unauliza umri, mkoa, ulichoangalia. Ukiupata, jibu. Pengine wewe ndiye punje pekee ya Mwanga iliyoingia kwenye bambo siku hiyo.

Halafu kuna saluni yako. Dodoso nyingi zinamfikiria mtazamaji aliyekaa sebuleni kwake. Watu 30 mbele ya TV moja ya biashara ni kitu ambacho fomu haikukiandalia nafasi. Nilichelewa sana kulielewa hili, na ngoja nikupe kisa changu.

Mwaka mmoja niliondoa tamthilia hewani kwa mkono wangu mwenyewe. Takwimu zilizoletwa mezani zilikuwa ndogo, mdhamini alikuwa amemaliza mkataba, na nafasi ilikuwa inatakiwa. Nilifuta mstari mmoja kwenye jedwali, nikaandika mwingine, nikaenda kula. Miezi michache baadaye nikaja Tabora kwenye msiba. Jioni nikapita Isevya, nikasikia sauti za waigizaji wale wale zikitoka kwenye kibandaumiza. Niliingia. Mabenchi ya mbao yamebanwa hadi ukutani, joto la kukata pumzi, TV imefungwa juu ndani ya kasha la nondo. Nikahesabu vichwa, kwa mazoea ya kazi: 43. Walikuwa wanaangalia sehemu za zamani, zilizonakiliwa kwenye flashi, kwa mara ya tatu au ya nne. Wengine walitamka maneno kabla mwigizaji hajayatamka. Mlangoni alikuwepo mama anakaanga mihogo, na mtu mmoja akamwambia kwamba mimi nafanya kazi TV huko Dar. Aliinua uso kutoka kwenye karai akaniuliza, "Wale watoto mliwapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye takwimu zilizokuwa mezani kwangu, watu wale 43 hawakuwa hata mmoja. Wala flashi ile haikuhesabiwa popote, wala haikumlipa aliyeandika hadithi. Waliipenda kuliko mtu yeyote pale ofisini, na upendo wao haukuwa na njia ya kutufikia.

Kuna jambo jingine ambalo katika miaka yote ile sikulisikia likitajwa kwenye kikao hata kimoja. Ni jua. Jua la Kigoma linazama karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, kwa sababu ninyi mko magharibi kabisa, lakini saa ni moja nchi nzima. Dar ikifika saa moja jioni giza limeshaingia, mtu yuko nyumbani au kwenye foleni anaikaribia nyumba. Kigoma saa hiyo mwanga bado upo, soko la Mwanga linauza, mwenye duka hajafunga. Na kule Kibirizi, mwezi ukiwa gizani, wavuvi wa dagaa ndiyo wanaingia ziwani na taa zao. Ratiba inapangwa kwa jioni ya Dar. Kisha mdodosaji anauliza nani alikuwa mbele ya TV saa moja, na mikoa ya magharibi inaonekana haina mapenzi na TV.

Lakini nikikuficha linalofuata nitakuwa nimekudanganya. Hata mngehesabiwa wote, tamthilia ingeweza kukatwa vile vile. Kituo cha bure hakikuuzii wewe tamthilia. Kinamuuzia mtangazaji wa biashara muda wa kukufikia wewe. Kwa hiyo meneja haulizi tu ni wangapi wanaangalia. Anauliza ni akina nani, na je, mwenye bidhaa anawataka? Kama kampuni ya juisi haina hata wakala mmoja Kigoma, macho yenu 214 kwake hayana bei, hata kama mnaipenda tamthilia hadi machozi.

Huu si ubaya wa Tanzania peke yake. Mwaka 1971 kituo kikubwa cha Marekani, CBS, kilifuta kwa mkupuo vipindi vyake vya maisha ya shamba na vijijini. Havikuwa vimekosa watazamaji. Viwili kati yao, Mayberry R.F.D. na Hee Haw, vilikuwa bado ndani ya 20 bora vya nchi nzima. Kosa lao lilikuwa aina ya watu walioviangalia: wazee na watu wa vijijini, wakati watangazaji walitaka vijana wa mijini wenye kipato. Mwigizaji mmoja wa vipindi vile alilalamika kwamba CBS wamefuta kila kipindi chenye mti ndani yake. Waliolia vijijini hawakusikilizwa. Ila wenye Hee Haw walikuwa na akili ya biashara: wakaanza kukiuza wenyewe kwa vituo vidogo vya miji mbalimbali, kimoja kimoja, na kipindi kikaishi zaidi ya miaka 20 baada ya kufukuzwa. Nakuomba ulishike hilo, tutalirudia.

Kwetu hapa hesabu hiyo ya watangazaji imeanza kupitwa na wakati, na nalisema hili kwa nguvu zote nilizonazo. Sensa ya 2022 iliipa Dar es Salaam watu milioni 5.38. Kigoma ilipata milioni 2.47 na Tabora milioni 3.39. Jumlisha mikoa yetu miwili: tunaizidi Dar. Watu hawa wananunua sabuni, vocha, unga, saruji na mafuta ya nywele kila siku iendayo kwa Mungu. Meneja wa masoko anayeamini kwamba Tanzania inaishia Morogoro anapoteza fedha ya mwajiri wake.

Umeuliza pia, ingawa kwa uchungu, kwa nini walikuwekea ya nje. Bei. Tamthilia ya nje imeshalipa gharama zake kwao. Kila nchi inayoinunua ni faida juu ya faida, kwa hiyo kila mnunuzi anauziwa kwa bei ya chini. Inakuja kamili, mamia ya sehemu kwa pamoja. Mwigizaji hataugua, mvua haitaharibu lokesheni, hakuna atakayegoma kwa sababu hajalipwa miezi miwili. Ukiongeza wachache wa kuingiza sauti za Kiswahili, bado ni nafuu kuliko sehemu mpya za hapa nyumbani. Mpanga ratiba aliyechoka anaipokea kama mvua ya masika. Sisemi watu wasiiangalie, ziko nzuri na mama yangu mwenyewe alizipenda. Nasema ndiyo sababu.

Na kuhusu kukatika bila tangazo: mara nyingi hakuna mtu aliyekaa siku moja akaamua kuiua. Tamthilia nyingi za kwetu huletwa na mtayarishaji wa nje ya kituo. Pengine kituo kinamlipa kwa kila sehemu, pengine wanagawana mapato ya matangazo, pengine yeye ndiye anayenunua muda wa hewani na kujitafutia mdhamini. Mdhamini akimaliza mwaka wake na asiongeze, mtayarishaji anarekodi sehemu chache kwa kukopa. Kisha kanda za wiki ijayo hazifiki. Ijumaa mchana mpanga ratiba ana shimo la nusu saa, na Jumatatu hana budi kulijaza. "Kilikosa watazamaji" ni sentensi rahisi kumpa mpiga simu kuliko kumweleza nani anamdai nani. Watu wa rika langu tunakumbuka jioni za Kaole Sanaa Group kwenye ITV. Watazamaji hawakuwa wamezichoka. Waigizaji wake wengi, akiwemo marehemu Steven Kanumba, waliingia kwenye filamu za kuuzwa kwa kanda na CD, ambako ndiko fedha ilikuwa.

Wakati mwingine ni mambo ya juu kabisa ya leseni. Agosti 2018, vituo vya bure vya nchini viliondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia, kwa amri ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliyohusu masharti ya leseni. Watu wa mikoani waliotegemea dishi wakaamka hawavioni. Mtazamaji aliyepotea siku ile hakuwa amechoka na kipindi chochote.

Basi mfanye nini. Majina yenu 214 ni mali, ila yameandikwa kwa namna isiyosomeka na mtu anayetoa fedha. Yanasema "tunaomba mrudishe". Mwaka 2007 wapenzi wa tamthilia ya Jericho huko Marekani walituma karanga CBS, kwa sababu ya neno moja alilolisema mhusika mkuu katika sehemu ya mwisho. Zilifika takriban tani 20. Kituo kikatikisika, kikaagiza sehemu 7 za ziada. Zikaonyeshwa mwaka uliofuata, takwimu hazikupanda, ikafutwa tena, safari hii moja kwa moja. Kelele ilifungua mlango lakini haikulipa kodi ya nyumba. Miaka miwili baadaye wapenzi wa tamthilia nyingine, Chuck ya NBC, walifanya kwa busara zaidi. Walikwenda kununua mikate ya Subway, ambao walikuwa wakijitangaza ndani ya tamthilia ile, wakaacha ujumbe kwamba tumenunua kwa sababu ya Chuck. Subway wakaingia kama mdhamini mkubwa, na tamthilia ikaendelea hadi 2012.

Kwa hiyo rudisha kumbukumbu: ile sauti ya "kipindi hiki kimeletwa kwenu na..." ilimtaja nani? Ukimpata, barua yenu iende kwake, nakala kwa kituo. Usiandike kwamba mna huzuni. Andika kwamba mko 214, wanawake wangapi, wa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi, mnanunua bidhaa yake kiasi gani kwa mwezi, katika duka gani, na kwamba kila jioni mlikuwa mnaangalia kundi kubwa sehemu moja. Piga picha ya saluni ikiwa imejaa siku ya mpira au habari, viti vikiwa hadi nje, iambatanishe. Wewe mwenyewe ni mwenye saluni. Rafu yako ina dawa ya nywele, mafuta, rasta, shampuu. Kama mdhamini anauza hata kimojawapo, wewe ni duka lake dogo, na unaongea naye kama mfanyabiashara kwa mfanyabiashara. Barua kama hiyo mpelekee kwanza wakala wake aliyeko Kigoma, mkononi, umwone usoni. Katika miaka yangu 19 kipindi kimoja tu ndicho nilichokiona kikirudi kwa kilio cha watazamaji, na barua iliyokirudisha ilipitia kwa wakala wa sabuni wa mkoani, ambaye meneja wake Dar alikuwa anamwamini kuliko takwimu yoyote.

Hapo hapo mtafuteni mtayarishaji. Jina lake na la kampuni yake hupita haraka mwishoni mwa kila sehemu. Kwenye marudio yaliyoko mtandaoni mnaweza kulisimamisha mkalisoma. Muulizeni swali moja ambalo watazamaji hawaulizi kamwe: haki za tamthilia ni za nani, zako au za kituo? Kama ni zake, anaweza kuipeleka kwingine, kama Hee Haw. Mwezi Mei 2018 Fox walipoifuta Brooklyn Nine-Nine, NBC waliichukua siku iliyofuata, na watu wakashangilia kama muujiza. Lakini kampuni iliyokuwa inaitengeneza ilikuwa ndugu wa tumbo moja na NBC. Walikuwa wanachukua cha kwao. Kama haki ni za kituo, tamthilia inaweza kukaa kabatini miaka kumi na hakuna wa kuitoa. Na kama mtayarishaji mwenyewe hajui, au amenyang'anywa, mshaurini aende ana kwa ana COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mkataba wake mkononi, akiwa na mwanasheria kama anaweza. Hilo halitatuliwi kwenye grupu.

Akiweka sehemu zake YouTube, muangalieni huko, kwenye ukurasa wake halisi, hata kama kijana wa flashi yuko jirani na anauza kwa bei ya chini. Najua bando ni ghali, na sitamlaumu mwenye kipato kidogo. Ila mkiwa 30, mtu mmoja anaweza kuunganisha simu na TV, mkachangia bando kwa mia mbili mbili. Mtahesabiwa kama mtazamaji mmoja, lakini aliyemaliza sehemu nzima, na hilo litaonekana kwenye takwimu zake. Atakapokwenda kwa mdhamini mwingine atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kama kituo ni cha kulipia, una silaha ambayo mtazamaji wa bure hana. Ukiamua kutolipia mwezi ujao, usikae kimya. Piga huduma kwa wateja, waambie umeacha kwa sababu ya tamthilia ile, taja jina lake, omba waandike. Kifurushi kisicholipiwa bila sababu kinahesabiwa kama umaskini wako. Na kama ulilipia ukakuta chaneli nzima imeondolewa, hapo una dai halali: anza na kampuni yenyewe kwa maandishi, wasipokujibu peleka malalamiko TCRA. Lakini usiende TCRA kwa sababu tamthilia imekatishwa. Hawana mamlaka ya kumlazimisha mtu aendelee kuonyesha hadithi, na utarudi umechoka bure.

Uwezekano wa kurudi kama ilivyokuwa, waigizaji wale wale, saa ile ile, ni mdogo. Waigizaji hawawezi kukaa bila kazi wakisubiri. Pengine yule dada wa mlangoni mwa wodi ameshanyoa nywele kwa ajili ya kazi nyingine. Ikipita miezi sita bila habari, msiendelee kuwabeba wenzako kwenye grupu kwa matumaini ya juu juu. Waambie ukweli. Ila mdhamini akijibu, hata kwa mstari mmoja, niandikie nami nitakusaidia kuiandika barua ya pili. Ya pili ndiyo ngumu.

Mkimpata huyo mtayarishaji, kabla hamjaongea habari za haki na wadhamini, muulizeni kuhusu yule mama wa wodini. Maandishi ya sehemu zilizobaki karibu kila mara yapo, kwenye kompyuta au kwenye droo la mtu, hata kama hazikurekodiwa. Mwombeni mwandishi awatumie sauti kwenye simu awasimulie ilikuwa iishieje. Nimewahi kuwaona waandishi wakiombwa hivyo na wachache sana wamekataa. Kusanya watu saluni saa moja na nusu, muunganishe simu kwenye spika, msikilize.